Mistari ya Majivu

Kabla ya mkataba kulikuwa na majivu.
Niliyachota alfajiri jikoni kwa Mama Nhonya,
muuza maandazi wa njia panda ya Mpunguzi,
ndoo moja, uwanja mmoja,
nikiinama, nikirudi kinyumenyume,
nikichora chumba kisicho na kuta
kwa wasichana waliotoka kuchuma zabibu.

Upepo wa Agosti haujui sheria.
Ulikuja ukaramba kona,
ukasogeza mpaka hatua mbili mashariki,
na mpira ulipodondoka hapo, tuligombana:
Ndani! Nje! Ndani, macho huna?
Mbuzi wa Chilewa wakapita katikati ya seti ya tatu.
Refa wetu, mwalimu wa hesabu,
akasimamisha mchezo, akawahesabu.
Kumi na wanane.
Akapuliza filimbi, tukaendelea.

Wavu wa kwanza ulikuwa wa kuvulia, kutoka Mtera,
tuliuziwa na mtu aliyechoshwa na bwawa.
Tuliufua mara tano, ukanuka perege mara sita.
Mashabiki wetu wa mwanzo walikuwa paka.

Mikono ya Nyemo ilikuwa zambarau hadi kwenye kucha.
Mpira ulimwendea mweupe, ukamtoka na vidole vyake,
ukaenda kwa Sechelela, ukachukua vya Sechelela,
na jioni ungeweza kuusoma kama barua:
huyu kapokea, huyu kainua,
huyu kaupiga kwa hasira ya ujira wa siku mbili.

Tukajiita Zabibu.
Wanaume wa kilabuni wakagonga vikombe:
"Zabibu hukamuliwa!"
Mwaja hakugeuka hata shingo.
"Na mkishakamua," alisema, "mnaomba mkopo wa kinywaji."

Mara ya kwanza mjini tulifungwa
na wasichana wa Kizota wenye viatu vinavyolia sakafuni.
Seti ya mwisho tulipata pointi nne,
mbili kati ya hizo ni makosa yao.
Tulirudi juu ya lori, tumekalia makreti matupu,
kimya, vumbi likitupaka rangi moja.
Karibu na Bihawana Sechelela akaanza kucheka,
peke yake, kifuani, kama injini inayokataa kuzima.
"Mmeona," alisema,
"kule mpira ukidunda, unarudi?"

Sitasimulia fainali.
Waulize waliokuwepo, kila mmoja ana fainali yake,
na katika zote aliyesimulia alikuwa karibu na wavu.
Mimi nilikuwa nje, nimelishika goti langu la kushoto,
goti lililoruka miaka saba bila posho
na halikuwahi kuitwa mezani kutia saini.
Silalamiki. Au nalalamika kidogo,
mvua zikikaribia.

Sasa wanacheza ndani ya ukumbi.
Kuna mtu wa viungo, kuna mtu wa maji,
kuna karatasi yenye muhuri inayosema
kidole kikivunjika, klabu itatibu.
(Nyemo aliisoma ibara hiyo mara tatu,
akavitazama vidole vyake kama wageni wa heshima.)
Mistari imepakwa rangi.
Niliikwaruza kwa ukucha siku ya kwanza,
watu wakiwa wametoka. Haitoki.

Mwisho wa mwezi, katikati ya mazoezi,
simu ya Mwaja ililia ndani ya kiatu chake cha akiba.
Akaitoa, akasoma. Akarudia kwa sauti,
tarakimu moja moja, akisimama kwenye kila sifuri.
Hakuna aliyepiga kigelegele.
Sechelela alikaa chini, pale pale,
akafungua kamba za viatu, akazifunga tena.

"Basi," Mwaja akasema,
"kuanzia leo nikikosa sevu, ni kosa la kazini."
Akaenda nyuma, akadundisha mara mbili,
akaurusha juu, akaupiga kwa nguvu zake zote
moja kwa moja wavuni.

Tulicheka hadi kocha akatupa kofia.
Nami nikavuka uwanja kwenda kuuokota mpira,
na nilipofika kwenye mstari nikainua mguu juu,
taratibu, goti likilia,
nisije nikaufuta.