Mweka Hazina Anunua Darubini

Laki nne kasoro elfu sita,
noti za jasho la majaruba, nyingine zinanuka kambale.
Nimezihesabu mara tatu kabla ya kuvuka mlango wa duka,
mtaa wa Rwagasore, barua ya polisi mkononi,
na Bugohe ng'wana Lutema nyuma yangu, kofia kwapani,
kama mtoto anayepelekwa kupimwa kiatu.

Bunduki ni ya halmashauri. Usiku ni wetu.
Kiboko hali mpunga mchana.
Mwezi wa tatu Bugohe alilenga giza kwa macho matupu,
risasi ikapita taya, mnyama akarudi na maumivu yake kwenye matete,
na siku ya pili akamkuta Kashinje akiteka maji.
Sisemi zaidi. Aliyemwosha ni mimi.

Mwenye duka anaitwa Hirji, mikono mikavu kama karatasi.
Anapanga darubini tatu juu ya kitambaa cha kijani,
anazisifia kama mshenga:
"Hii inavuta mara kumi na sita, mama,
utahesabu kope za mamba hadi Ukerewe!"
Namuuliza: kiboko yuko hatua arobaini, kope zake za nini?
Bugohe anakohoa.

Ya pili ni laki mbili na ushee,
ina taa nyekundu na ya kijani, kama baa ya Kirumba.
Hirji mwenyewe, Mungu ampe maisha, anatikisa kichwa:
"Teke la bunduki yenu ni la punda.
Risasi kumi tu, lenzi zitacheza humo ndani
kama kokoto kwenye kibuyu."
Rahisi ghali. Mama alinifundisha hilo kwa sufuria.

Ya tatu. Fupi, nzito, haina mbwembwe,
mara moja hadi nne,
laki tatu na themanini na tano.
Naomba chumba chenye giza.
Tunaingia stoo, kwenye makasha na harufu ya mafuta ya mashine,
nazungusha kitufe mpaka kumi na moja:
inawaka kama kaa la jiko, inameza kila kitu,
unaiona taa, huoni unachokilenga.
Narudi taratibu hadi moja.
Pale msalaba unapokutana, nukta,
sigara ya mtu aliye mbali,
na nyuma yake giza linaanza kupata umbo:
ndoo. Ufagio. Mguu wa meza.
Hii, nikasema.

Hirji akafungua mlango wa nyuma, nijaribu mwangani.
Huko juu nyumba zimeng'ang'ania mawe kama kupe.
Nikaona korongo kwenye bati, nikaona shati la bluu likianikwa,
kisha mwanamke, mikono juu, vibanio mdomoni.
Nukta ikatua kifuani pake.
Sikuwa na bunduki. Nilishika bomba la chuma na vioo.
Lakini nilimwona kama mtu aliyekosa.
Hilo Hirji hakuniambia:
chochote kikikaa kwenye msalaba
huonekana kina hatia.
Nikashusha mkono haraka, nisije nikahisiwa.

Risiti niliiandikisha kwa jina la kikundi.
Chenji elfu tisa. Kwa elfu mbili nikachukua betri ya akiba,
bapa, ndogo kama kifungo cha shati.

Jioni, Kahangara, Bugohe aliifunga darubini,
akaifuta kwa pindo la shati,
akaifuta tena.
Nikafungua kifuniko chake, nikatoa betri.
Akanitazama. Hakusema kitu; alikuwepo mazishini.
Zote mbili ziko kwenye pindo la kanga yangu,
pamoja na elfu saba ya watu.
Mpunga ukianza kuvunjika usiku, aje agonge.
Nitafungua, nitampa.
Ila kwanza asimame hapo mlangoni
aniambie, kwa sauti, ameona nini.