Kipande cha Reli

Kengele ya kanisa letu hapa Urambo si kengele.
Ni kipande cha reli, urefu wa mkono na nusu,
kimening'inizwa kwa mnyororo
kati ya nguzo mbili za mninga.
Msabila alikigonga miaka kumi na tisa.
Alipofariki, wazee wa kanisa walinikabidhi nyundo
kama watu wanavyokabidhi deni,
kwa sauti ya chini,
nami nikaipokea kwa mikono miwili.

Sikuwaambia kwamba imani yake hakuniachia.
Aliniachia baiskeli isiyo na mnyororo
na marobota kumi na moja ya tumbaku
ambayo mnunuzi aliyapapasa, akayanusa,
akaandika kitu, akaondoka.
Huu ni msimu wa pili.

Tunalala nayo ndani. Harufu yake imeingia kwenye shuka,
kwenye ugali, kwenye nywele za mjukuu wangu Nyanzala.
Usiku nikipiga magoti naanza vizuri: Baba yetu,
kisha akili inashika njia ya ushirika,
inahesabu kilo, inahesabu mbolea tuliyokopa,
na nikifika kwenye mkate
nanyamaza.
Sitaki kumdai Mungu mbele ya mtoto.

Nilikwenda kwa Mchungaji Lugusha.
Nilitaka anikemee; kukemewa nako kuna joto lake.
Nilimkuta anakwangua matope ya viatu kwa kijiti.
Nikamwambia: nagonga chuma, Mchungaji,
lakini ndani mwangu hakuna anayeitika.
Hakufungua kitabu.
Akakwangua kiatu cha kushoto, akakwangua cha kulia.
"Mama Kalunde," akasema, "ziko Jumapili
ninapanda mimbarini kwa kusukumwa na mlio wako tu."
Kisha akaniuliza kama mahindi yameota.

Nilirudi na hasira.
Kumbe mimi nakiegemea kiti
na kiti kinaniegemea mimi!

Jumapili iliyofuata sikugonga.
Nilifika gizani, umande umenilowesha hadi magotini,
nikaketi juu ya tofali, nyundo mapajani.
Nikasema: leo, kama upo, jigongee Mwenyewe.
Nikasubiri.
Jogoo. Baiskeli ya mtu wa mkaa, ikilalamika.
Treni ya mizigo ya Kigoma ikapiga honi
na kupita bila kusimama.
Reli ikatetemeka kidogo kwenye mnyororo wake,
au ulikuwa upepo. Siwezi kuapa.

Aliyekuja hakuwa malaika.
Alikuwa Bi Zena wa maandazi, kanga begani, upawa mkononi.
"Una nini leo, wewe? Swala yangu nimemaliza zamani,
nasubiri chuma chako niepue karai,
na wale watoto wa jirani wanasubiri chuma chako waamke.
Angalia, nimeunguza yote!"
Kisha akaiona nyundo ilipolala.
Akaketi kwenye tofali la pili,
upawa ukidondosha mafuta mchangani.
Tulikaa hivyo. Sijui dakika ngapi.

Nikasimama.
Si kwamba shaka iliondoka;
ilisimama nami, ikaushika mpini,
mkono wake juu ya mkono wangu,
tukagonga.
Chuma kilichobeba mabehewa mpaka kikachoka,
kikang'olewa, kikatupwa kando ya tuta,
hakikuuliza nani anaamini.
Kililia.
Upande wa stesheni taa ikawaka,
halafu nyingine, halafu mtoto akaanza kulia, kaamshwa.
Bi Zena akajikung'uta. "Haya," akasema, "nikakande unga mwingine."

Marobota bado yako ndani. Mnunuzi hajarudi.
Wiki hii panya wameanza kuyatoboa.
Lakini jana usiku nilifika kwenye mkate, nikausema,
kwa sauti ndogo,
kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja,
na gizani, kabla sijamaliza,
Nyanzala akaitika.