Banda la Gari, Rau

Mume wangu alilijenga kwa kipimo cha Pijo.
Aliisimamisha uani, akafungua milango yote minne,
akachora ardhini kwa kijiti,
akamwambia fundi Ndelamia, "Hapa na hapa. Basi."
Hakubakiza hata upenyo wa ufagio.

Pijo tuliiuza mwaka ule wa figo zake.
Mnunuzi, mtu wa Himo, aliondoka nayo ikikohoa,
ufunguo wa akiba ukasahaulika msumarini.
Au haukusahaulika. Sikuuliza.

Banda likabaki limeachama
kama mtu aliyeanza kutaja jina likampotea.

Mimi kitu chenye bati kikilala bure sipati usingizi.
Nikaanza na vifaranga: mia moja, boksi la matundu,
basi la saa tisa kutoka Arusha,
maranda sakafuni, taa ya joto usiku kucha.
Na kwa kuwa taa inawaka na luku nimeshanunua,
nikaingiza cherehani.
Na kwa kuwa wateja wana viti,
Jumamosi kikaingia kikoba, wanawake kumi na wawili
na sanduku la kufuli tatu,
wenye funguo wakikaa mbalimbali kama wagomvi.
Na kwa kuwa milango ya banda ni myeusi kwa ndani,
wajukuu wa Mama Ndewingia, wa darasa la saba,
wakaja na chaki.

Chaki hiyohiyo nikachorea mipaka:
huku kuku, huku nguo, huku hesabu.
Kuku hawakusoma.
"Bibi, kifaranga kimefuta robo tatu!"
Na gauni la kipaimara la binti wa Kiboriloni
lilikwenda kanisani na unyoya ndani ya pindo.

Kuna doa la oili. Nimelisugua kwa majivu,
kwa sabuni ya unga, kwa mafuta ya taa.
Halitoki. Nyuma yake, hatua moja,
niliweka cherehani mara mbili;
mara mbili asubuhi nikaikuta imesogezwa,
na stuli yake ipo pale, upande wa kulia,
imeelekea mlangoni.
Siku zote aliingiza gari kinyumenyume
ili kesho atoke bila mawazo.
Mara ya tatu nilielewa. Usukani ulikuwa hapo.
Nikamzungushia chaki na yeye.

Desemba, Aminiel akapiga simu kutoka Dar:
"Mama, nakuja na gari jipya. Banda liwe wazi."
"Lina upana gani?"
"Ni kubwa tu, Mama."
Nikapima kwa futi ya kushonea, ukuta kwa ukuta.
Vifaranga wana siku kumi na nane,
kikoba kinavunjwa wiki hiyohiyo,
magauni ya Krismasi ishirini na moja yananing'inia darini,
na mimi nimesimama katikati, futi shingoni,
nikihamisha vitu kwa macho
na kuvirudisha palepale.

Mzee aliinuka. Taratibu, kwa ukuta.
Akachukua ufunguo msumarini, akautia mfukoni,
akatoka hadi kwenye mparachichi wa uzioni.
Akaokota kijiti.
Hapa.
Na hapa.
Aliacha nafasi ya milango minne, nikaona,
na ya ufagio.

Usiku wa mkesha tulikuwa ndani sote.
Mimi napiga pasi, Aminiel, suti na yote,
anawamwagia kuku maji,
akiruka mistari kama mtoto wa kigoli.
Mara parachichi lililochelewa msimu
likashuka juu ya bati la gari, pwaa!
Aminiel akatazama mlango. Akanitazama mimi.

Kutoka kwenye stuli, bila kugeuka,
mzee akasema, "Moja."