Ule Tuliula

Nina karakana ya chukudu Ndosho, kando ya barabara ya Sake.
Chukudu zangu zimebeba viazi, makala, saruji,
na usiku mmoja wa mvua, maiti ya jirani.
Lakini uta, sikuwahi kuukunja.

Baba alikuwa nao mmoja.
Uliangikwa juu ya mlango kule Kibirizi, haukuua hata kwale.
Ulikuwa wa kurithishwa tu:
babu kwa baba, baba kwangu, siku ya kuondoa matanga.
Tulipokimbia, mama aliufunga ndani ya mkeka pamoja na sufuria.
Kanyaruchinya, wiki ya tatu, kuni hakuna,
maharage magumu kama changarawe.
Aliuvunja gotini, mara mbili.
Maharage yakaiva.
Mimi ndiye niliyeomba nyongeza.

Mwaka huu baba ametutoka. Baba wadogo wakauliza: uta uko wapi?
Mama akatazama nje, kwenye mawe meusi ya volkano.
Nikasema: nitaleta.

Mkaratusi wa kwanza niliukunja kwa ubishi. Ukajibu: ta!
Wa pili niliulaza juu ya makala;
ukaungua ngozi, ndani ukabaki vilevile.
Wa tatu ulipinda. Nikafurahi, nikaenda kunywa chai.
Niliporudi ulikuwa umenyooka tena,
kama mdeni aliyeapa mbele ya watu.

Fundi Kambasu akapita, akaniachia methali:
"Samaki mkunje angali mbichi.
Huo mkavu, ndugu yangu. Kama sisi."

Mama alikuwa mlangoni anachambua sombe. Hakuinua kichwa.
"Aliyesema hivyo hajawahi kuloweka makayabu."

Kumbe alijua.
Kumbe alipoolewa, miezi yote ile ya uchumba wa jikoni,
yeye ndiye aliyemchochea babu moto.
Akanituma fito ya mkole, iliyokauka kivulini, isiyo na fundo.
Pipa la mafuta, maji nusu, mdomo wake tukauziba
kwa gunia bichi na matope.
"Moto unatisha tu," alisema. "Anayebembeleza ni mvuke."
Akachovya kidole kwenye mawese, akapaka mgongo wa mti,
kama anavyompaka mjukuu akitoka kuoga.

"Uache humo muda gani?"
"Muda wa maharage kuiva."
Kisha akanyamaza.
Nami nikanyamaza. Pipa likaongea peke yake.

Tuliukunjia kwenye nusu ya gurudumu la chukudu iliyokufa,
tumbo la mti likinielekea, mpira wa tairi ukifunga.
Ukilia, ngoja. Ukitulia, ongeza upana wa kidole.
Jasho langu, mvuke wake, sikujua kipi ni kipi.

Tukautundika juu ya moshi wa jikoni.
Siku ya nane nikanyoosha mkono kuufungua;
mama akanipiga vidole kwa mwiko.
Mwezi mzima, alisema. Mti unasahau polepole ulivyokuwa.

Baadaye kuuparua, kwa kipande cha chupa ya bia.
Mkono mmoja wa uta ulikuwa mvivu, mwingine unajituma.
Nilidhani huparuliwa ule dhaifu.
La. Unaoparuliwa ni ule unaokataa,
kidogo, halafu unavuta, unatazama, kidogo tena,
mpaka mikono yote miwili ikubali pamoja.
Upote tuliusokota kwa mishipa ya ng'ombe
niliyoiomba machinjioni kwa nusu ya bei ya kengele ya baiskeli.

Baba wadogo walikuja Jumamosi, koti juu ya koti.
Mkubwa wao akaushika, akaunusa: moshi, mawese.
Akauvuta bila mshale. Ukatoa sauti moja nene
iliyomfanya paka aondoke.
"Huu si ule," akasema.

"Ule tuliula," mama akajibu,
akachukua upawa,
akaanza kupakua.