Nyuma, Chini, Kushoto

Nilikuja na moyo. Wakaniuliza meno.
Daktari Pillai, mfupi, viatu vya mpira,
aliweka kifaa kifuani mwangu, akasikiliza
kama mtu anayesikiliza jirani ukutani,
kisha akasema: fungua kinywa.

Nikadhani sikumsikia vyema.
Nimeletwa kutoka Hull kwa gari la wagonjwa,
homa wiki ya tatu, jasho la usiku
limelowesha godoro hadi upande wa Mize;
ngazi za nyumbani, kumi na tatu tu,
nazipanda kwa vituo viwili,
na huyu anataka kuona magego.

Nikafungua.
Tochi ikaingia mahali ambapo hata mke wangu hajapaona.

Lilianza kuniuma mwaka juzi, mwezi wa mfungo.
Nikasema ni njaa.
Baada ya Idi nikasema ni halua.
Kisha likanyamaza, nikashukuru.

Nilipiga simu. Jamani, nilipiga.
Kliniki ya Beverley Road: hatupokei wapya.
Ya Anlaby Road: hatupokei wapya,
labda ulipe mwenyewe. Akataja bei.
Nikamwambia asante, kama mtu aliyekosea namba.
Ya tatu iliniandika kwenye orodha.
Orodha ipo. Nadhani hadi leo nimo.

Basi nikarudi kwenye karafuu.
Mize huziweka kwa ajili ya pilau, ndani ya kopo la kahawa;
niliiba moja moja kabla ya zamu,
nikaibana kwa gego, nikapakia milango ya kabati
hadi alfajiri, shavu likiwa ganzi.
Clive, msimamizi, akasema nanukia Krismasi.
Tukacheka.
Mimi nilicheka kwa upande wa kulia.

Daktari alichora nyuma ya karatasi ya chakula cha mchana:
hili jino. Huu ufizi, unaotoa damu ukipiga mswaki
(mimi nililaumu mswaki).
Hapa vijidudu vinapata mlango,
na mishipa ya damu, alisema, haina mpaka.
Mimi, niliyesubiri barua ya ukaazi miaka minne,
nikacheka, kifua kikanikata.
Vimesafiri bila viza hadi moyoni,
vimeikuta vali, vimejenga.
Akachora kiota kidogo.
Alikichora vizuri mno.

Usipoziba ufa:
niliiandika mara ishirini ubaoni, darasa la tatu,
kwa kosa la kuchelewa.
Hakuna aliyeniambia ufa unaweza kuwa na mizizi miwili
na ukuta ukawa wa moyo.

Akaniuliza kuhusu sukari katika ukoo.
Mama, nikasema. Sukari ilimmaliza.
Na fizi zake?
Nikamkumbuka akitafuna mkate uliochovywa chai,
mkono shavuni, miaka na miaka.
Sisi tulidhani ni maradhi mawili.

Kitanda cha pili yupo Stan, dereva mstaafu wa malori.
Meno yake yanalala kwenye kikombe.
Aling'olewa yote, ananiambia,
mazima kwa mabovu, siku ya kutimiza miaka ishirini na moja;
baba yake alilipa, ilikuwa zawadi,
asije akamsumbua mkewe kwa gharama.
Anasema bila uchungu. Anaomba nimsogezee gazeti.

Dripu kila saa nne. Wiki sita.
Jino limetoka jana, vipande vitatu.
Niliomba nilione: dogo, la kahawia,
kama kitu kilichookotwa mfukoni mwa koti la zamani.
Hili ndilo?
Ndilo, akasema muuguzi, akalifunika.

Saa mbili usiku Zuwena ananipigia kwa video,
povu la dawa ya meno kidevuni, ana haraka ya katuni.
Nimemaliza, baba.
Hujamaliza.
Nausikia moyo wangu, mashine inauhesabu kwa sauti.
Rudia, namwambia. Polepole.
Fika nyuma. Chini. Kushoto.