Asilimia

Mwezi wa kumi, manispaa ya Omsk hufungulia joto,
na mabomba chini ya dirisha langu yanaguna,
yanatema hewa, yananyamaza, yanaunguza.
Hakuna swichi. Hakuna kitasa cha kuzungusha.
Joto letu ni la wote, kama foleni.

Nje, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri:
theluji inasaga meno chini ya kiatu.
Ndani, mimi na Bulka
tunakaushwa kama uyoga kwenye uzi.

Bulka kwetu ni andazi.
Mjukuu wangu Rodion alimleta ndani ya kofia ya manyoya,
hajazidi kifuniko cha mtungi wa achari,
kisha akaenda Murmansk kusomea meli
akaniachia kobe, taa, na karatasi:
mpe majani, usimpe kabichi, usimsahau.

Sikumsahau. Nilimwacha akauke tu.
Mwaka wa pili gamba likaanza kupanda vilima,
nikasema, tazama, anaota taji.
Daktari Yegor Savelyevich akampindua,
akaniangalia juu ya miwani:
"Mama, hili si taji. Hii ni kiu."

Miaka thelathini na mmoja nimeelekeza tramu za mji huu.
Taa nyekundu naijua, kengele naijua.
Lakini kiu isiyogonga mlango?

Nikanunua kipimio, kidude cha duara
kama saa isiyojua wakati.
Kikasema: kumi na tisa.
Kumi na tisa! Hata jangwa hupata umande.

Basi nikaanza. Tofali la makumbi ya nazi
(nazi, mimi, ambaye sijapata kuuona mnazi)
nikalimiminia maji ya birika, likafura,
likapanda ukingoni mwa beseni kama unga wenye hamira.
Nikatandaza kina cha kiganja,
kuvumwani kwenye kona ya kulala,
nikafunika sanduku kwa pazia la bafuni lenye picha za bata.
Maji nayamwaga pembeni, yashuke chini;
juu pabaki pakavu kidogo, maana tope huozesha tumbo la gamba.
Unyevu na baridi ni kikohozi.
Unyevu na joto, hapo ndipo pa kukaa.

Arobaini. Hamsini na mbili.
Nafungua kumpa mchunga, thelathini na nne tena.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila kibaba changu kimetoboka: hewa inakunywa.

Saa tisa usiku naamka, si kwa ndoto, kwa namba.
Larisa hupiga simu kutoka Sochi, kwenye bahari,
ambako nguo hazikauki.
"Habari, mama?"
"Sitini na nane."
Kimya.
"Nimeuliza habari yako."
"Ndiyo hiyo."

Kabati la marehemu Veniamin,
lililokuwa likialika usiku kwa ukavu, limetulia.
Kioo kimeota jalidi, msitu mzima.
Gulshat wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza
kama bomba langu linavuja.
Akainama, akatia mkono chini ya pazia la bata,
akauacha humo muda mrefu kuliko swali lake.
"Kama Julai," akasema.

Mwezi wa tatu nikamweka Bulka dirishani.
Vilima viko pale pale; daktari alisema havishuki.
Ila kati yao umepita mstari mpya,
rangi ya maziwa, upana wa ukucha.
Nikaupitishia kidole. Tambarare.
Nikaupitishia tena, nisije nikawa najidanganya.

Tarehe nane ya mwezi wa tano mabomba yakakoroma, yakapoa.
Usiku kucha mvua ilinyesha juu ya Irtysh.
Nikafungua dirisha,
na kipimio kikapanda chenyewe:
sabini, sabini na nne,
nami nimesimama na chupa ya kunyunyizia, imejaa,
Bulka amelala, hanihitaji.
Nikajinyunyizia shingoni, mara mbili,
kama manukato.