Waya wa Chini

Ardith Quale hakutaka dola zangu.
"Ukitaka kuketi kwenye maji yangu," alisema,
akinipa koleo na glavu za marehemu Wendell,
"niinulie waya wa chini, maili mbili,
toka lango la kusini hadi penye kinu cha upepo.
Mbio wanazo hawa. Kuruka hawajui.
Hupita chini, kama watoto chini ya meza."

Basi Julai yote, Jumamosi kwa Jumamosi,
nikakata seng'enge, nikavuta waya laini
kimo cha goti.
Kwenye miiba ya zamani nilikuta manyoya,
mepesi, matupu ndani kama mabua.

Agosti ikaja na nzi wake.
Nikapiga kibanda cha turubai
hatua ishirini na mbili toka hodhi la bati,
nikakiacha wiki nzima kizoeleke,
kionekane ng'ombe aliyelala.
Ndani giza la chungu kilichofunikwa.
Nimevaa nyeusi, masizi usoni,
nina podo, kiti cha kukunja, galoni ya maji,
na chupa nyingine, ya maji yanayorudi.

Siku ya kwanza: ng'ombe.
Siku ya pili: ng'ombe, upepo wa kisogoni,
na dume mmoja, mbali, ukingo wa mbingu,
akilitazama tundu la dirisha langu
kama anayesoma jina mlangoni.

Wanasema zile mbio ni za kale:
palikuwa na duma kwenye nyanda hizi za Wyoming,
akatoweka, yeye na uzao wake, zama za barafu.
Mnyama huyu hakupelekewa taarifa.
Bado anamkimbia.
Nani amwambie kuwa siku hizi kifo
kimekaa kitini, kina kiu,
na mguu wake wa kushoto umekufa ganzi?

Siku ya tatu, saa saba na nusu,
majike matatu, na mtoto
aliyezamisha mdomo hadi puani, akapiga chafya.
Kisha yeye.
Mashavu meusi. Pembe panda:
tawi moja mbele, jingine limejikunja kurudi,
njia panda mbili juu ya kichwa kimoja.
Akainama kunywa.

Nikavuta upote. Kiwiko kikagusa turubai,
mchakacho mdogo, wa ukurasa.
Akainua kichwa, maji yanamdondoka kidevuni.
Sikupumua. Tone. Tone. Mkono unaanza kutetemeka.
Tone.
Akainama tena.

Sikuuona mshale ukienda.
Niliona manyoya mekundu ya wano
yakielea upande wa pili wa hodhi, majini,
na vumbi mahali alipokuwa.

Alikimbia kama mzima.
Weupe wa matako umefunguka wote,
moja kwa moja hadi kwenye uzio,
akashuka, sijui niseme vipi, akamiminika
chini ya waya wangu, haukutikisika,
akainuka ng'ambo, hatua themanini,
kisha miguu ikaanza kusahauliana.

Nilipomgusa alinuka seji na joto.
Manyoya yalibaki kiganjani.
Nikanoa kisu upesi, maana jua lile
halisubiri majuto ya mtu.

Ardith akaja na pikapu, mifuko sita ya barafu.
Hakumtazama dume. Alipita kando yake,
akaenda uzioni, akachuchumaa
kwa magoti yake ya miaka sabini na tisa,
akapitisha vidole kwenye waya, kipande kirefu,
akitafuta unywele.

"Alipita hapa?"
"Hapo hapo."
"Kwa mbio?"
"Kwa mbio zote."

Akasimama, akafuta mikono kwenye suruali.
"Basi uko sawa," akasema.
"Shika miguu ya nyuma."